Moshi Juu ya Kordoba

Mwende mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naiona kwa macho yangu. Nimeegesha gari mkabala na kafe yenu hapa Jumeirah Lake Towers, Dubai. Madam ninayemwendesha ameingia kwa daktari wa meno, na wewe uko nyuma ya kioo na trei ya vikombe, zamu yako ya mwisho. Hujaniona. Yule Mganda unayefanya naye kazi amekuchekesha mpaka ukaiweka trei mezani ujishike mbavu. Nimetoa karatasi kwenye dashibodi, nikaziweka juu ya usukani, nikajiambia leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Utashangaa mbona naandika. Mimi ni mtu wa kukutumia sauti kwenye simu, tena fupi. Lakini haya nikikuambia uso kwa uso utanijibu "Sawa, baba," na hiyo "sawa, baba" yako ndiyo inayoninyima raha tangu Saif, mtoto wa bosi wangu, aseme anakuchukua Kordoba. Nitaiweka barua juu ya sanduku lako. Isome leo, kabla hatujatoka asubuhi.

Habari za sweta, dawa ya tumbo na unga wa ugali mama yako amezimaliza, na hilo sanduku sasa lina uzito wa mtu mzima. Mimi nataka kukuambia habari za ile nyumba na barabara inayokwenda kule. Najua umeshanionyesha picha zake mara nyingi. Nyumba ya zamani ya shamba la mizeituni, matao, bwawa la kuogelea, chumba chako chenye dirisha la bluu. Wageni kutoka huku Ghuba watafikia hapo, na wewe utawatembeza, asubuhi mjini, jioni mashambani. Umejifundisha Kihispania kwenye simu huku ukiosha vyombo, na najivuna kwa hilo, hata kama sijakuambia. Ila wakati wewe ukitazama bwawa, mimi nilikuwa natazama barabara. Ni moja tu, nyembamba, inapanda na kuishia getini. Nyuma ya nyumba ni msitu mkavu hadi kileleni. Nilikuuliza kama kuna njia nyingine ya kushukia, ukacheka ukasema, "Baba, wewe ni dereva hata ukilala." 

Milima ile naijua. Niliipanda ukiwa bado chekechea, ukiwa umebaki hapa Rashidiya na mama yako katika vyumba vyetu viwili nyuma ya jiko la villa. Mwaka ule arbab, yaani bosi wangu, baba yake Saif, alipeleka nyumba nzima Uhispania kiangazi, na mimi akanichukua kwa sababu hapendi kuendeshwa na mtu asiyezijua tabia zake. Ndani ya gari tulikuwa arbab, Saif akiwa kijana wa kuanza kuota ndevu, na Mama Kabira, mama yake arbab. Mama Kabira unamkumbuka? Ndiye aliyekuwa akikupasulia tende na kutoa kokwa kabla hajakupa, kwa sababu aliamini watoto wa Kikamba humeza kila kitu.

Sikudanganyi, Kordoba ni mji wa kupendwa. Utapenda vichochoro vyake, kuta nyeupe zilizotundikwa vyungu vya maua mpaka juu ambapo mtu huyamwagilia kwa mkebe uliofungwa kwenye mti mrefu. Utapenda daraja la kale na mto ulio chini yake, na lile gurudumu bovu kubwa la kuchotea maji lililosimama ukingoni. Mimi niliyekulia Kitui, tukifukua maji kwenye mchanga wa mto mkavu, nilisimama mbele ya gurudumu lile mpaka arbab akapiga honi mwenyewe.

Halafu utaingia kwenye msikiti wao wa kale. Nguzo mwanangu, nguzo na nguzo, huoni zinapoishia, na juu yake matao yenye milia myekundu na myeupe. Katikati ya nguzo zile wafalme waliokuja baadaye walipachika kanisa zima. Mimi mtoto wa kanisa nilisimama pale nisijue kama natakiwa kuvua kofia au kuvua viatu. Nilivua kofia. Ndani kuna ubaridi mzuri na giza, na watu wananong'ona bila kuambiwa.

Mama Kabira alitaka kusali rakaa mbili. Alikuwa amesubiri siku hiyo tangu Dubai, na mama wa watu hakuwa na makuu. Alipoanza kujiweka sawa, akaja mlinzi, binti wa umri wako wa sasa, amevaa sare, nywele amezifunga nyuma. Akasema kwa upole, "Samahani, mama. Hapa ni kutazama tu. Kusali hapana."

Arbab akamwambia, "Huyu ni mama yangu. Dakika moja."

"Naelewa, bwana. Hapana."

Akajaribu tena, sasa kwa ile sauti yake inayofungua milango yote ya Dubai. Binti akarudia neno lilelile, wala hakulipandisha. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akimwambia arbab hapana mara ya pili. Sisemi kwamba ilikuwa haki, maana hata mimi roho iliniuma kumwona bibi yule akikunja mikono yake. Mwenyewe alisema, "Khalas, yatosha mwanangu, Mungu yuko hata huko nje." Lakini arbab alikuwa hasikii tena. Shingo ilikuwa imemvimba. Alisema "Yalla" na tukatoka kwenye jua la saa saba.

Hapa ndipo utakapoijua Kordoba nyingine, ambayo haimo kwenye picha. Mchana wa kiangazi mji ule hufa. Maduka yanafungwa, madirisha yanateremshwa mbao, mitaani humwoni hata paka. Joto la huku tunalikimbia kwa viyoyozi, lakini lile limeachiwa mji wote. Mama Kabira aliomba turudi hotelini alale. Arbab akasema hapana, twende milimani tukaone magofu ya kasri la khalifa, kule hakuna wa kutuzuia. Nilijua haendi kutazama magofu. Anatafuta mahali ambapo ataambiwa ndiyo.

Dereva huona mbele kabla ya wote, ndiyo kazi yake. Hata hatujaacha nyumba za mwisho nilikwisha kuuona moshi. Ulikuwa mstari mwembamba wa kijivu juu ya mlima, umelala upande kwa sababu ya upepo.

Baada ya kitambo arbab naye akauona. "Mutua, ule ni moshi?"

"Moshi kidogo, sir."

"Kuna shida?"

"Mafi mushkila, sir."

Hakuna shida. Wewe umezaliwa katikati ya maneno hayo, huyasikii tena. Mimi nilifundishwa na dereva wa jirani wiki ya kwanza nilipofika, kabla hata sijajua choo kilipo. Aliniambia aliyenitangulia alirudishwa kwao kwa sababu alikuwa na mdomo, kila siku barabara hii mbaya, gari lile bovu. "Wewe ukiulizwa, jibu mafi mushkila, kisha tafuta njia." Na kweli nilitafuta njia, miaka na miaka, nikapata sifa ya mtu asiyeshindwa. Ila mtu akizoea kusema hakuna shida, mwisho haulizi tena kama ipo.

Geti la magofu tulilikuta limefungwa kwa mnyororo, hakuna mtu. Hapo mtu mwenye akili angegeuza. Arbab akaonyesha kidole juu, kuna kijiji kule chenye chemchemi, alikisoma mahali. Nikapanda. Mizeituni ikaisha, ukaanza msitu wa miti mifupi yenye majani magumu, nyasi chini yake zimekauka mpaka zimekuwa nyeupe. Kwenye kona moja tukakutana na mzee anashuka na pikapu, nyuma amepakia mbuzi na godoro. Alisimamisha gari lake katikati ya barabara, akashuka, akapishanisha mikono juu ya kichwa chake na kupiga kelele.

"Anasema nini?" arbab akauliza.

"Sijui Kihispania, sir."

Ilikuwa kweli, sikukijua. Lakini mikono ya mtu haihitaji mkalimani, na mtu hahamishi mbuzi na godoro kwa furaha. Hata ng'ombe wa kwetu angegeuka. Saif alikuwa amekaa karibu nami, ametoa simu, anampiga picha na kucheka. Nilipanda ukingoni kwa matairi mawili, nikampita mzee yule. Kwenye kioo nilimwona bado amesimama, mikono ameishusha.

Baada ya hapo jua lilibadilika rangi. Likawa jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba. Jivu lilianza kudondoka kwenye kioo, nami nikawasha waipa kama mtu anayefuta mvua. Sungura wawili walikatiza barabara, wala hawakutuogopa. Sauti ya moto ndiyo niliyoichelewa. Nilidhani ni injini.

Mkono ukanishika bega. Alikuwa Mama Kabira, na katika miaka yote ya kumwendesha hakuwahi kunigusa hata kwa bahati mbaya. Aliniambia polepole, "Mutua, rudi."

Na mimi nilifanyaje? Nilitazama kioo, nikamtafuta arbab kwa macho, nikangoja yeye aseme. Bikizee amekwisha kuuona moto, anakohoa kwenye shela yake, ananiambia nirudi, na mimi nangoja ruhusa ya mwenye gari. Arbab naye alikuwa kimya. Angesema rudi, ingekuwa amekataliwa mara ya tatu siku moja. Basi gari likaendelea kupanda, halikuwa na mtu aliyetaka liendelee. Nimeulizwa mambo mengi na moyo wangu tangu siku ile, na hilo ndilo ambalo sijaweza kulijibu.

Tulisimamishwa na moto wenyewe. Ulivuka barabara mbele yetu kwa mruko mmoja. Nafasi ya kugeuza haikuwepo, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, kwa hiyo nikarudi kinyumenyume, kichwa nje ya dirisha, macho yanatoka maji, sioni hata bampa yangu. Kisha nikasikia honi chini yetu, inalia, inanyamaza, inalia. Niliifuata honi ile. Alikuwa mzee wa mbuzi. Alikuwa hajaondoka, alikuwa kwenye kona ileile anatupigia honi ndani ya moshi ule, mbuzi wake wanalia. Tulipofika bondeni alimpa Mama Kabira maji ya chupa yake mwenyewe, akamshikia chupa mpaka akamaliza. Mimi hakunitazama kabisa. Natamani angenitukana.

Mama Kabira alirudi Rashidiya na kikohozi. Wewe ulimwona na ile mashine ya hewa pembeni ya kitanda, ukauliza kama ni jokofu. Ramadhani iliyofuata haikumkuta. Daktari alisema ni uzee, na huenda ni kweli, mimi si daktari. Nyumbani hakuna aliyeuhusisha ugonjwa ule na siku ile. Arbab alisema mbele za watu kwamba Mutua ndiye aliyewatoa motoni, wakanipongeza, na mimi nikazipokea sifa zile kwa mikono miwili. Mama yako peke yake ndiye aliyeniuliza, "Na ni nani aliyewaingiza?" Tangu hapo hatukulizungumza.

Sasa sikia linaloniogopesha. Saif alikuwa ndani ya gari lile, na alichojifunza yeye ni kwamba moto hupitika. Humsikii kwenye majlisi akiwasimulia rafiki zake? "Mutua alipita ndani ya moto, mafi mushkila!" Wanacheka, ananiita niingie na gahawa ili wanione. Mvua ile iliyojaza barabara maji, aliniambia nipite chini ya daraja. Gari likazimika katikati, maji yakaingia mpaka kwenye viti, na yeye alikuwa amesimama juu ya kiti anarekodi. Ile nyumba ya Kordoba aliichagua mwenyewe, kwenye mlima uleule. Aliniambia kwa furaha, "Nimenunua mahali petu, Mutua!" Nikasema hongera, sir.

Saif si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, ningekukataza na yakaisha. Ni mkarimu, anawapenda watoto, hajawahi kunidharau. Ila hajawahi kuambiwa hapana na mtu aliyeketi karibu naye ndani ya gari, na siku atakapotaka kuwaonyesha wageni machweo kutoka kileleni, upepo unavuma na mlima una harufu, aliyeketi karibu naye utakuwa wewe.

Na wewe nimekuleaje? Nakumbuka siku moja ulikuwa mdogo, binamu zake Saif walikuambia usimame getini ulinde baiskeli zao mpaka watoke kuogelea. Wakasahau. Nilipokupata ulikuwa bado umesimama kwenye jua, midomo imekauka, hukuwa umekaa hata chini. Mama yako alilia. Mimi nilikupangusa uso nikakuambia, "Umefanya vizuri, mtoto mzuri hutii," nikakununulia aiskrimu. Nilikuwa naogopa, mama. Tulikuwa tunaishi kwenye uwanja wa watu, kwa viza ya watu, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikakufunga kamba ile mwenyewe na kuiita adabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilikuimbia hivyo kila siku. Sikukuambia kwamba mkuu naye huvunjika, na huvunja na aliyemsikiliza.

Kwa hiyo sikuandikii ili nikukataze. Nilikuona uso ulivyokuwa siku uliposoma ile sentensi nzima ya Kihispania bila kukosea, ukaniangalia kama nimeielewa. Nenda. Kauone mto, kazione nguzo, uwapeleke wageni kwenye vichochoro, ukale machungwa yao, ingawa yale ya barabarani ni machungu, nimeshayajaribu. Kule milimani uulize wenyeji, sio ramani. Uwajue majirani kwa majina, hasa wenye mbuzi. Na ukifika ile nyumba, kabla hujafungua sanduku, tembea kwa miguu utafute njia ya pili ya kushuka.

Lakini njia ya pili haitakusaidia kama mdomo wako haujui kukataa, na mdomo haujifunzi kukataa siku ya moto. Mimi nilikuwa na miaka ya kujifunza na sikujifunza hata siku moja. Kwa hiyo nimetafuta mahali pa wewe kuanzia, na nadhani nimepapata.

Kesho asubuhi nitawapeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Saif atakaa mbele, wewe na mkewe na watoto nyuma. Tukikaribia, atageuka anyooshe mkono, aseme, "Pasipoti zote, nizikusanye." Atasema hivyo kwa wema, ana kile kimkoba chake, ndivyo baba yake alivyofanya, ndivyo wote wanavyofanya. Mkewe atampa ya kwake na za watoto. Yako, mkishafika, itaingia kwenye kabati la ile nyumba mlimani, na siku utakayotaka kushuka utalazimika kuiomba. Mwambie, "Asante, Saif, yangu nabaki nayo." Usipaze sauti, usieleze sababu. Akicheka, rudia. Akiuliza mara ya tatu, rudia tena.

Hatakutazama wewe, atanitazama mimi. Atangoja nilimalize jambo hilo kama ninavyoyamaliza yote, na mimi najijua, Mwende. Chakula chetu kiko pale, chumba cha mama yako kiko pale, na mdomo wangu umezoea. Nimeapa kwamba nitanyamaza. Lakini ukinisikia nikisema, "Mpe tu, mwanangu," usinitii.

Baba yako,
Mutua